Wilaya ya Zamani ya Embu na Jirani Yake Meru: Jinsi Mipaka Yetu Ilivyofanywa na Kufanywa Upya



Kurasa za kwanza za kitabu hiki zimekwisha kutoa hesabu ya mwaka: ada zilizolipwa, misaada ya mazishi, karo za watoto wa wenzetu waliofariki, na madeni yaliyobaki. Kurasa hizi chache tumeziweka kwa jambo lisiloandikwa katika daftari la mweka hazina. Katika mkutano wetu mkuu mwenzetu mmoja alisimama akauliza swali ambalo halikupata jibu siku ile, kwa kuwa saa zilikuwa zimekwisha. Alisema: ikiwa ile Wilaya ya Embu ya zamani haiko tena, na wana wa Ndia na Gichugu wamo katika Kaunti ya Kirinyaga, na ile Wilaya ya Meru ya zamani imekuwa kaunti mbili, kuna sababu gani sanduku letu la fedha kuendelea kuwa moja? Wengine walimpigia makofi, wengine walinung'unika. Halmashauri iliombwa ilete jibu katika ripoti hii.

Tumeona ya kwamba haifai kujibu swali kama hilo kwa hasira, wala kwa kupiga kura kabla ya kufahamu. Afadhali kwanza tukumbushane jinsi wilaya hizi zilivyozaliwa, jinsi zilivyotutenda, na jinsi zilivyogawanyika. Mwenye kujua mpaka ulivyochorwa atajua pia ni kitu gani mpaka unaweza kukitenganisha, na ni kitu gani hauwezi.

KABLA YA BOMA

Wazee wetu hawakuwa na neno la wilaya. Waembu walisimulia habari za Mwenendega, mzee wa kwanza, na kichaka chake kitakatifu kikaheshimiwa vizazi hata vizazi. Wameru walisimulia kutoka kwao Mbwaa, kando ya maji makubwa, walikowakimbia watu walioitwa Nguuntune, yaani wenye nguo nyekundu. Kisha wakapanda hata wakafika nchi za chini ya mlima na vilima vya Nyambene. Huko wakakaa kwa makundi yao: Igembe, Tigania, Imenti, Igoji, Mwimbi, Muthambi, Chuka na Tharaka, kila kundi likijiendesha.

Wala hapakuwa na mfalme. Kati ya Waembu vizazi viwili, Kimanthi na Nyangi, vilipokezana madaraka, na mashauri ya watu yalikatwa na wazee barazani. Kwa Wameru baraza la juu lilikuwa Njuri Ncheke, ambalo mtu hakuingia kwa mali wala kwa kelele, bali kwa kupimwa mwenendo. Marehemu wazee wengi walimhadithia mambo haya mwanahistoria H. S. K. Mwaniki, naye akayachapisha katika miaka ya 1970, ili yasizikwe pamoja nao. Sisi sote tuna deni kwake.

Mipaka ilikuwako, lakini ilikuwa mipaka ya mito, ya malisho na ya koo. Mtu wa nchi ya juu, mwenye mvua na mashamba ya mazao, alimhitaji mtu wa nchi ya chini mwenye mbuzi, ng'ombe na asali. Wakati wa njaa watu walihama na kupokewa na jamaa au marafiki wa damu. Wakati mwingine waliibiana ng'ombe na kupigana. Hatusemi kwamba zamani ilikuwa peponi. Twasema tu ya kwamba vita na amani zao zilikuwa mikononi mwao wenyewe.

BOMA LA MWAKA 1906

Waingereza walijenga ngome ya Fort Hall, yaani Murang'a, katika mwaka 1900, na Nyeri katika mwaka 1902. Kutoka huko walizunguka mlima kidogo kidogo kuelekea mashariki. Waembu walikataa kutiishwa, na katika miezi ya Juni na Julai 1906 jeshi la Serikali lilitumwa kuwapiga. Mikuki na mishale ilikabiliana na bunduki. Watu wengi walikufa, nyumba zilitiwa moto, na maelfu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo yakachukuliwa kuwa nyara. Mwaka huo huo boma la Embu likajengwa, na kutoka boma hilo wilaya ikazaliwa.

Meru ilifuata kwa njia nyingine. Bwana Shauri wa kwanza, E. B. Horne, alianzisha boma lake katika nchi ya Imenti mwaka 1908. Habari za yaliyowapata Waembu zilikuwa zimemtangulia, nao wazee wengi wa Meru wakaona ni heri kumsikiliza kuliko kupoteza vijana na mifugo. Wakamwita Kangangi, maana yake mtu mdogo mwenye kutangatanga, kwa kuwa hakutulia mahali pamoja. Jina hilo limedumu katika masimulizi kuliko jina lake alilopewa na wazazi wake.

Katika Wilaya ya Embu wakawekwa pamoja watu wa sehemu nne: Ndia na Gichugu upande wa magharibi, Embu katikati, na Mbeere katika nchi kavu inayoteremka hadi Mto Tana, ambao wenyeji huuita Thagana. Hakuna aliyewauliza watu wa sehemu hizo nne kama walitaka kuwa kitu kimoja. Upande wa kaskazini Mto Thuci ukawa mpaka kati yao na Wachuka, ingawa mtu wa Chuka na mtu wa Embu huweza kusalimiana na kuelewana bila mkalimani. Ndivyo ilivyofanywa kazi hiyo: palipokuwa na mto pakawekwa mpaka, na palipokuwa na boma pakawekwa kodi.

KODI, KIPANDE NA HALMASHAURI

Baada ya boma wakaja machifu waliochaguliwa na Serikali, wengi wao wakiwa watu ambao mabaraza ya wazee hayakuwapa cheo chochote. Ikaja kodi ya nyumba, na kwa ajili ya kodi vijana wakashuka kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya walowezi na mjini Nairobi. Katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 wanaume wa wilaya zote mbili walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi huko Tanganyika, na wengi hawakurudi. Mtaa wa Kariakor mjini Nairobi ungali ukilibeba jina la kikosi chao. Vita vilipokwisha kikaja kipande, nacho katika kipande kiliandikwa jina la wilaya. Hapo ndipo watu wa Ndia, Gichugu, Embu na Mbeere walipoanza kuitwa kwa jina moja mbele ya afisa aliyekuwa hawajui, na mtu wa Igembe akawa Mmeru sawa na mtu wa Chuka.

Wamisionari nao waliifuata njia ya boma. Wamisionari wa C.M.S. walifika Kigari, Embu, mwaka 1910. Wakatoliki wa Consolata na Wamethodisti wakafungua vituo katika Meru. Na Kanisa la Skoti likajenga Chogoria, ambako daktari Arthur Irvine alifika mwaka 1922 akaanzisha kazi ya hospitali. Watoto wa sehemu mbalimbali walikutana darasani, wakajifunza kuandika barua, na barua hizo ndizo zilizokuja kuunganisha vyama kama hiki chetu.

Katika mwaka 1925 zikaanza halmashauri za wenyeji, Bwana Shauri akiwa mwenyekiti. Wajumbe hawakuwa na uhuru mwingi. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza mjumbe kutoka Gichugu na mjumbe kutoka Mbeere waliketi meza moja kuzungumza shule, barabara na zahanati zilizolipiwa kwa ushuru wa watu wote. Wilaya iliyoanzishwa kwa bunduki ikaanza kuwa na kitu cha watu wenyewe ndani yake.

Katika Meru jambo lilikuwa na sura nyingine. H. E. Lambert, aliyepata kuwa Bwana Shauri huko katika miaka ya 1930, alitambua kwamba Njuri Ncheke lina nguvu kuliko machifu, akalivuta karibu na kazi za Serikali. Huyu ndiye Lambert yule yule aliyefanya utafiti juu ya lahaja za Kiswahili za pwani, kama Kivumba na Chijomvu. Ukaribu huo ulikuwa na faida yake na hasara yake. Mwaka 1956 Njuri lilitoa amri ya kukomesha tohara ya wasichana, na Serikali ikaisimamia. Wasichana wengi wakaasi wakajitahiri wenyewe, wakaitwa Ngaitana, na katika miaka mitatu watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa kwa kuivunja amri hiyo. Twalitaja jambo hili si kwa kuisifu desturi ile, ambayo sheria ya nchi imeikataza, bali kwa sababu lafundisha: amri isiyoshauriana na inaowahusu, hata ikitoka kwa wazee wenye heshima, huzaa ukaidi.

KAHAWA

Kwa miaka mingi Mwafrika wa Kenya hakuruhusiwa kupanda kahawa ya arabika. Walowezi walidai ya kwamba mashamba ya Waafrika yangeeneza magonjwa ya miti na kurahisisha wizi. Na zaidi ya hayo, mtu mwenye kahawa yake hatakwenda kuchuma ya mwingine kwa mshahara mdogo. Mwaka 1933 Serikali ilikubali majaribio, lakini mahali palipokuwa mbali na mashamba ya Wazungu: Kisii, Embu na Meru. Idadi ya miti iliwekewa kikomo, na wakaguzi walizunguka mashambani.

Wakulima wetu waliyapita majaribio hayo. Kahawa ya miteremko ya mlima ilijulikana kwa ubora wake, vyama vya ushirika vikaanzishwa, na viwanda vya kumenya kahawa vikajengwa kando ya vijito. Wengi kati yetu tulisomeshwa na miti hiyo. Kwa hiyo wilaya, iliyokuwa kwanza jina la kodi, ikawa pia jina la zao na la ushirika. Hatuna budi kusema kweli: nchi ya chini, yaani Mbeere na Tharaka, haikupata neema hiyo, kwa kuwa kahawa haikui huko. Tofauti ya mali kati ya juu na chini ilizidi, na manung'uniko ya miaka ya baadaye yalianzia hapo.

HALI YA HATARI

Tarehe 20 Oktoba 1952 Serikali ilitangaza Hali ya Hatari. Tangu siku hiyo Wakikuyu, Waembu na Wameru walihesabiwa kuwa fungu moja la kutiliwa shaka. Mnamo Aprili 1954 jeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi, wakawakagua watu wa makabila hayo matatu mtaa kwa mtaa, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa vizuizini. Siku ile mtu aliangaliwa wilaya iliyoandikwa katika hati yake, na kwa neno hilo moja alirudi nyumbani kwake au alipandishwa lori. Hakuna aliyeuliza kama alikuwa wa Ndia au wa Mbeere, wa Mwimbi au wa Tigania. Walioteswa pamoja hawakupewa nafasi ya kuchagua majirani wao wa mateso.

Nyumbani watu walikusanywa katika vijiji vyenye mahandaki, nao wapiganaji wakakaa msituni. Musa Mwariama wa Meru alikaa huko hadi uhuru, akatoka Desemba 1963. Kwa upande mwingine walikuwako wenzetu walioshika silaha pamoja na Serikali, na jambo hilo liliacha jeraha katika nyumba nyingi. Katika nchi ya Mwea, sehemu ya chini ya Wilaya ya Embu, wafungwa wa kizuizini walitumiwa tangu mwaka 1954 kuchimba mifereji ya mashamba ya mpunga. Mchele wa Mwea tunaoupika katika sherehe zetu ulianza kwa jasho la watu hao.

Uchaguzi wa kwanza wa Waafrika ulifanyika Machi 1957. Katika Jimbo la Kati, ambalo wakati ule lilikuwa na Embu na Meru ndani yake, hakupiga kura ila mwenye cheti cha utiifu. Kwa kuwa Wameru walikuwa na wapiga kura wengi kuliko Wakikuyu, Bernard Mate wa Meru alimshinda Eliud Mathu. Mwaka uliofuata Jeremiah Nyagah wa Embu naye akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria.

MPAKA WA MWAKA 1963

Mkutano wa Lancaster House wa mwaka 1962 ulikubali nchi igawanywe majimbo. Tume ya mipaka chini ya Sir Stafford Foster-Sutton ilizunguka nchi kusikiliza maombi ya watu, ikatoa taarifa yake Desemba 1962. Matokeo yake yaligeuza maisha yetu. Meru na Embu ziliondolewa katika Kati zikatiwa katika Jimbo la Mashariki, pamoja na Machakos, Kitui, Isiolo na Marsabit, na mji wa Embu ukawa makao makuu. Ndia na Gichugu, ambazo kwa lugha na mila zilihesabiwa karibu zaidi na Wakikuyu, zilibaki Kati zikawa Wilaya ya Kirinyaga.

Hivyo, baada ya miaka 57, wilaya ya mwaka 1906 ilikatwa vipande viwili. Boma la Embu, lililokuwa katikati ya wilaya, likajikuta karibu na ukingo wake wa magharibi. Watu waliokuwa wamelipa ushuru katika ofisi moja na kukaa halmashauri moja wakawa wa majimbo mawili. Hata jina la Mwea liligawanyika: mashamba ya mpunga yakawa Kirinyaga, na uwanda wa Mwea ulio ng'ambo ukabaki upande wa Mbeere. Ugomvi juu ya kuigawa ardhi ya upande huo umeleta malalamiko na mashtaka kwa miaka mingi. Ni haki kukiri kwamba mpaka ukipita katika ardhi ya kulimwa hauwi tena habari ya karatasi.

WILAYA ZAZAA WILAYA

Yaliyofuata tutayapitia upesi. Mwaka 1992 Tharaka-Nithi ilitengwa na Meru, na baada yake Nyambene ikapewa wilaya yake. Mwaka 1996 Mbeere nayo ikatengwa na Embu, makao yake yakiwa Siakago. Wambeere walifurahi, kwa kuwa kwa miaka tisini walikuwa wamesafiri mpaka boma la Embu kwa kila cheti, na mara nyingi walirudi mikono mitupu. Wilaya nyingine nyingi zikatangazwa kote nchini, hata mwaka 2009 Mahakama Kuu ikaamua kwamba zile zilizoundwa nje ya sheria ya mwaka 1992 hazikuwa na msingi wa kisheria.

Katiba ya mwaka 2010 ikachukua orodha ya sheria hiyo ya 1992 kuwa msingi wa kaunti 47, nazo zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Kwa sababu hiyo Mbeere ilirudi chini ya paa moja na Embu, na Nyambene ikarudi Meru, lakini Tharaka-Nithi ikasimama peke yake, na Kirinyaga vilevile. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta watu 1,545,714 katika Meru, 393,177 katika Tharaka-Nithi, 608,599 katika Embu na 610,411 katika Kirinyaga. Tazameni hizo mbili za mwisho: vipande viwili vya wilaya ya zamani vimekua sawasawa kama watoto pacha, kila mmoja katika nyumba yake.

JIBU LETU

Sasa twarudi kwa swali la mwenzetu. Alisema kweli aliposema ya kwamba wilaya tuliyoijua imekwisha. Halmashauri haiwezi kudai kwamba chama chetu kiendelee kuwa kimoja kwa sababu ya mstari uliochorwa na Serikali ya kigeni. Mstari huo haukuwa wetu ulipowekwa, wala hatukuulizwa. Kama huo ndio ungekuwa msingi wetu, basi tungestahili kuvunjika pamoja nao.

Lakini katika habari tulizosimulia mna msingi mwingine. Waliokusanywa mwaka 1906 bila ridhaa yao walijenga pamoja shule, ushirika na makanisa. Waliokamatwa mwaka 1954 kwa neno moja la kipande walishirikiana kikombe kizuizini. Waliokuja mjini bila jamaa waliwazika wafu wao kwa kuchangishana, na mchango haukuuliza mtu ametoka ng'ambo gani ya Thuci au ya Thagana. Hayo hayakuamriwa na Bwana Shauri yeyote, na kwa hiyo hakuna tume ya mipaka iliyo na uwezo wa kuyafuta. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Hata hivyo malalamiko ya wenzetu wa nchi ya chini tumeyasikia. Historia ya Mbeere na Tharaka ni historia ya watu waliohesabiwa wakati wa kodi na kusahauliwa wakati wa mgawo. Chama kisichojichunguza kinaweza kufanya dhambi iyo hiyo ya boma. Kwa hiyo Halmashauri inaleta maombi matatu mbele ya mkutano ujao. Kwanza, sanduku la mazishi na la karo libaki moja. Pili, kila sehemu ya zamani, kubwa kwa ndogo, iwe na mjumbe wake katika Halmashauri, ili asikose kusikiwa mtu kwa uchache wa watu wake. Tatu, kila mwanachama mwenye mzee nyumbani amwandikie maneno yake juu ya mambo haya, nasi tutayahifadhi, kwa maana wale waliozaliwa kabla ya mipaka ya 1963 wanazidi kupungua kila mwaka.

Wanachama watakubali au watakataa. Uamuzi ni wao. Sisi twaomba neno moja tu, kwamba safari hii, kabla mpaka haujachorwa, watu wote wanaohusika waulizwe.